Swali la ubunifu lilivyonishinda Mafinga

Nilipotumwa kuwahoji wenye viwanda vidogo vya mbao mjini Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania, dodoso langu lilikuwa na sehemu tatu: ubunifu, mitaji na sera za serikali. Siku ya kwanza nilirudi na "hapana" katika karibu kila ukurasa, na ningeyawasilisha majibu hayo kama yalivyo laiti mzee mmoja asingenionyesha, pasipo kukusudia, kwamba kasoro ilikuwa katika swali.

Baada ya kusalimiana "kamwene" kwa Kihehe, nilimuuliza kama ameleta ubunifu wowote kwa miaka mitatu iliyopita. "Hapana, mwanangu," akajibu, "sisi hatubuni kitu, mashine tunanunua." Nyuma yake ulisimama msumeno wa mkanda alioununua badala ya dingdong, mashine ambayo msumeno wake mnene wa duara hugeuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi. Anayelipia gogo la msindano kwa ujazo wake anajua kwamba kila milimita inayookolewa katika mpasuo ni mbao ya kuuza. Kwa kipimo cha Mwongozo wa Oslo, yaani mwongozo wa kimataifa wa kupima ubunifu, unaotolewa na OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) pamoja na Eurostat (ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya), na ambao toleo lake la 4 lilitoka mwaka 2018, badiliko kama hilo ni ubunifu kamili, kwa kuwa inatosha kitu kiwe kipya kwa biashara yenyewe na kiwe kimeanza kutumika. Kwetu, hata hivyo, kubuni ni kutunga jambo ambalo halijawahi kuwapo, na mtu mkweli hawezi kujisifia hivyo.

Sehemu ya mitaji ilikuwa na mtego uleule. Ukisema "mkopo", msikilizaji anafikiria benki na hati ya nyumba, kwa hiyo anakana, ingawa wiki hiyo hiyo amechukua fedha za kikoba, au mnunuzi wa Dar es Salaam amemtangulizia malipo ya mbao ambazo bado ni miti. Kuhusu sera, wengi walinitazama mikononi kwanza, wakihofu kwamba nimetoka kwa watu wa kodi. Hofu hiyo ni halali, na mdadisi anapaswa kuiondoa kwa maelezo ya kutosha kabla ya kufungua kalamu.

Linaloniuma zaidi ni wale ambao hawafikiwi kabisa. Sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya mwaka 2003 inazitambua shughuli za mtu 1 hadi 4, lakini tafiti za biashara za Benki ya Dunia huanzia wafanyakazi 5 na kuendelea, tena katika biashara zilizosajiliwa; mpasuaji mwenye vijana wawili hamo.

Nilirudi kwa yule mzee siku ya tatu, nikamuuliza tu ni nini kimebadilika kiwandani tangu alipoanza, na fedha ya kila badiliko ilitoka wapi. Alizungumza karibu saa nzima, na majibu yake niliyamalizia nyuma ya karatasi.