Nguruwe kwenye kibao cha halali

Binti wa kaka yangu anasoma Kichina shuleni siku hizi. Juzi alikaa mezani kwangu na daftari lake la miraba, akaandika 家, akafuta, akaandika tena. "Shangazi, hii huku chini mbona ina mikia mingi hivi?" Nikamwambia ale kwanza, chakula kinapoa. Mpaka leo sijamjibu.

Ile mikia ni miguu ya nguruwe. Juu kuna paa, mistari mitatu. Chini nguruwe, mistari saba. Inasomwa jia, na maana yake ni nyumbani, familia, ukoo. Mimi niliambiwa haya Zhengzhou, mji wa mkoa wa Henan huko China, mwaka 2012, na mwalimu kijana aliyemchora mnyama ubaoni mpaka masikio, akatueleza kwa furaha kwamba zamani mwenye nguruwe ndiye aliyeonekana ana maisha. Darasa likacheka. Mimi mtoto wa Ngamiani, Tanga, niliyelelewa na bibi asiyelitaja hata jina la yule mnyama, nikanakili kimya, nikijisemea kwamba sasa kitimoto kimefika sebuleni. Na pa kukikwepa hapakuwepo. Nchi ni guojia, sote kwa pamoja ni dajia, mwandishi ni zuojia, mchoraji ni huajia. Ukishakuwa bingwa wa jambo lolote huko, unapewa na nguruwe wako mkiani mwa cheo.

Jioni nikaenda kula tambi kwa Wahui, wale Waislamu wa Kichina. Mgahawa wenyewe nilikuwa mteja wake wa siku nyingi, ila kibao sikuwahi kukisoma. Rangi ya kijani, birika lililochorwa na neno halali kwa Kiarabu vilinitosha. Siku hiyo nikasimama nje nikakisoma herufi moja moja: 马家牛肉面. Tambi za nyama ya ng'ombe, za nyumba ya Ma. Ma ni jina la ukoo lililoenea sana kwa Wahui, na wengi wao wanalihusisha na Muhammad, lakini linaandikwa kwa herufi ya farasi. Kwa hiyo ni farasi, kisha nguruwe ndani ya paa, kisha ng'ombe. Zizi zima, na halali juu yake.

Nikaingia, nikatoa salamu alaykum. Mwenye mgahawa alikuwa anavuta donge la unga, analikunja, analibamiza mezani, analivuta tena. Nikamuuliza kwa Kichina changu cha kuungaunga kama haimsumbui kumweka yule mweusi mlangoni. Nilisema "mweusi" kwa sababu Wahui nao hawamtaji. Hata aliyezaliwa mwaka wa nguruwe hujiita wa mwaka wa mweusi. Akageuza shingo kutazama mlango, mikono ikiendelea na kazi, kama mtu aliyeambiwa bati lake linavuja.

"Aliandika fundi," akasema. "Alinitoza kwa herufi."

Meza ya pembeni alikuwepo mzee mwenye kofia nyeupe. Akanivutia kiti. Akachovya kijiti chake kwenye supu, akaanza kuandika juu ya meza: nukta ya juu, bega la kushoto, kona ya kulia. Mafuta ya pilipili yaliifanya mistari iwe myekundu. Halafu mnyama, mgongo kwanza, miguu baadaye, pole pole, akiinua kijiti kila mstari ulipokwisha. Xu Shen, akasema, aliyeandika kamusi yake karibu na mwaka 100, alidai mnyama yumo kwa ajili ya sauti tu, kipande cha herufi ya nguruwe dume inayosomwa jia vilevile. Na kwenye mifupa ya kupigia ramli iliyofukuliwa Anyang, mkoa huohuo wa Henan, mifupa ya zaidi ya miaka 3,000, kuna mahali dume huyo amechorwa na udume wake. Hapo mzee akakohoa, akaruka. Akafika kwa Duan Yucai, mwanachuoni aliyefariki 1815. Huyo alisema bila kuficha kwamba herufi hii mwanzo ilikuwa banda la nguruwe. Binadamu tulihamia baadaye.

Akachovya tena. Paa lilelile, chini yake ng'ombe. 牢.

"Hii unaijua?"

Sikuijua.

"Lao. Lilikuwa zizi la ng'ombe, sasa ni jela." Akaniangalia. "Wewe unahangaika na mweusi aliyepewa nyumba. Ng'ombe wetu wa halali ndiye aliyefungwa."

Mwenye mgahawa alicheka mpaka tambi zikamkatikia mkononi.

Mzee alikuwa mtu wa mkoa wa Gansu. Akanisimulia kwamba bibi yake hakujua herufi za Kichina hata moja, lakini Kichina alikiandika, kwa herufi za Kiarabu, mtindo wanaouita xiao'erjing. Akaniandikia jia ya bibi yake kwa supu ileile, kulia kwenda kushoto. Hakuna paa, hakuna mnyama. Nilitaka kumwambia kwamba na bibi yangu Tanga anaandika Kiswahili chake hivyohivyo, ila Kichina changu hakikufika huko. Nikachukua kijiti, nikaandika chini yake "nyumbani" kwa herufi hizohizo. Akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, bila kujua maana yake.

"Basi nibadilishe kibao, niweke hiyo?" mwenye mgahawa akauliza.

"Weka," mzee akajibu. "Mteja utabaki naye mimi tu."

Usiku nilimpigia bibi nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama tambi zenyewe ni halali kweli. Nikasema ndiyo.

"Basi kula, mjukuu wangu. Lakini hiyo nyumba yao usije ukaiandika."

Nikamkubalia. Mtihani wa juma lile ulikuwa insha kuhusu familia.