Saa iliyoganda mwaka 2009

Usiku wa tatu tangu nianze kujifunza Go, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, binti yangu alisimama nyuma ya kiti akachungulia skrini. "Mama, mbona saa ya hapo imekufa?"

Nilikuwa kwenye A Tour of Go, yale mafunzo ya mtandaoni ambayo maelezo yanakaa upande mmoja na msimbo, yaani maagizo ya programu, upande wa pili, unaandika na kujaribu humohumo bila kusakinisha kitu. Mbele yetu palikuwa na programu fupi ya kuonyesha saa. Nikabonyeza Run: tarehe 10 Novemba 2009, 23:00:00 UTC. Saa tano kamili ya usiku. Nikabonyeza tena, ikaja ileile. Mimi ni mhasibu, na takwimu isiyosogea pale inapopaswa kusogea hainipi usingizi.

Nikarudi ukurasa wa kwanza kabisa, ule nilioupita mbio kwa sababu ulikuwa na "Hello, 世界" tu na maelezo ya vitufe. Kumbe jibu lilianzia pale. Ukibonyeza Run, msimbo wako hauendeshwi kwenye kompyuta yako. Unasafiri hadi kwenye seva, kompyuta ya mbali inayohudumia mafunzo hayo, unaendeshwa huko, kisha matokeo yanarudishwa chini ya dirisha la msimbo. Na kwenye seva hiyo saa imepangwa ianzie siku ambayo Go ilitangazwa hadharani. Sababu yake niliipenda sana: programu ileile ikitoa jibu lilelile kila mara, seva inaweza kulitunza jibu na kumpa anayefuata bila kuanza kazi upya.

Tangu siku hiyo, nikifungua mafunzo yoyote ya aina hii, kabla ya somo lenyewe natafuta kwanza mambo mawili: msimbo wangu unaendeshwa wapi, na kazi yangu inatunzwa wapi.

Hilo la pili nililipia kwa machozi. Kwenye mafunzo mengine, ya hifadhidata, nilifanya mazoezi ya wiki mbili nikitumia dirisha la faragha la kivinjari. Sikuwa nimefungua akaunti, kwa hiyo maendeleo yangu yote yalikuwa ndani ya kivinjari tu. Nilipolifunga lile dirisha siku moja, yakaenda nalo. Sasa kila zoezi ninalolimaliza nalinakili kwenye faili langu, hata kama ni mistari minne. Na kitufe cha Reset sikigusi kabla ya kunakili, maana kazi yake ni kurudisha msimbo wa mwanzo.

Vitufe vingine havina shida. Orodha ya masomo yote iko juu kulia, PageDown inakupeleka mbele na PageUp inakurudisha. Shift na Enter zinaendesha programu, na ukizizoea hutaki tena kushika kipanya. Format inapanga mistari vizuri, nami naibonyeza kila mara.

Kuna uhuru mmoja wa kuangalia: mafunzo haya hayakufungii mlango. Unaweza kuliruka zoezi na kusonga mbele, hakuna atakayekuzuia. Nilijaribiwa kufanya hivyo kwenye zoezi la kipeuo cha pili, lile la kukisia jibu kisha kulisahihisha mzunguko baada ya mzunguko. Nilikaa nalo saa nzima. Kilichonisaidia ni kuongeza mstari mmoja wa kuchapisha z, yaani kisio la wakati huo, kila mzunguko, badala ya kusubiri jibu la mwisho. Nikatafuta kipeuo cha 2, nikaanza na kisio la 1. Ikaja 1.5, kisha 1.41666, kisha 1.41421, na kufikia mzunguko wa tano tarakimu karibu zote zilikuwa zimetulia. Kanuni ile ilikuwa imeandikwa ukurasani tangu mwanzo na nilikuwa nimeisoma mara tatu. Niliielewa pale nilipoziona namba zikikaribia zenyewe. Ndiyo maana nayapenda mafunzo haya kuliko video: ukibadilisha namba moja, unaona mara hiyohiyo imesababisha nini. Wakati mwingine naharibu msimbo kwa makusudi, nafuta mabano au nabadilisha herufi, ili nikikutana na ujumbe huo wa kosa siku nyingine niwe nimeshaufahamu.

Jumamosi nikasakinisha Go, nikasakinisha na mafunzo yenyewe, kwa kuwa yanaruhusu hivyo. Yakishakuwa kwenye kompyuta yako, msimbo unaendeshwa hapohapo ulipo. Nikamwita binti yangu, nikafungua ule ukurasa wa saa, nikamwachia yeye abonyeze.

Ikatoka tarehe ya siku ileile. Akabonyeza tena, sekunde zikawa zimesogea.

"Imefufuka," akasema, akabonyeza mara ya tatu.