Mabomba ya AC ya gari la zamani: kuyatengeneza upya bila kubahatisha

Mwenye Peugeot 504 au Mercedes W123 hapa Tanga akitaka AC irudi kupoza, kompresa siyo kikwazo kikubwa. Sanden SD508, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 138, inaweza kufungwa badala ya zile kompresa nzito za York za miaka ya 1960 na 1970, mradi braketi ichongwe vizuri na puli zikae mstari mmoja. Kazi iko kwenye mabomba. Kila moja lina mikunjo yake, dukani hayapo, na mara nyingi aliyeyafungua kwanza alishayapeleka kwenye skrepa. Kwa hiyo usitupe bomba la zamani, hata likiwa limeoza na kutoboka. Hiyo ndiyo ramani yako.

Kabla ya kulitoa, chukua waya wa chuma wa milimita 4, uukunje ufuate bomba likiwa bado limefungwa garini, kwa sababu likishatoka hujinyoosha kidogo na huwezi tena kujua lilikaaje. Weka alama upande unaotazama injini.

Kwenye vipimo wengi hupotea. Namba ya fitingi (kiungo cha mwisho wa bomba) ni hesabu ya sehemu za 16 za inchi, nayo hupima kipenyo cha nje cha bomba la chuma: namba 6 ni inchi 3/8, namba 8 ni 1/2, namba 10 ni 5/8. Mpira wa namba hizohizo una hesabu nyingine. Kipenyo chake cha ndani ni 5/16 kwa namba 6, 13/32 kwa namba 8, 1/2 kwa namba 10 na 5/8 kwa namba 12. Ukienda dukani ukaomba "mpira wa nusu inchi" kwa ajili ya fitingi namba 8, utarudi na wa namba 10, na hautabana hata ufanyeje.

Fitingi za zamani nyingi ni za flea ya digrii 45 (mdomo wa bomba uliotanuliwa kama faneli), chuma kwa chuma bila oringi, yaani pete ya mpira. Habari njema: nati ya spliti (AC ya ukutani) ya nyumbani ya inchi 3/8 ina hesi ileile na flea ya namba 6, kipenyo 5/8, meno 18 kwa inchi. Lakini ni ya shaba ya njano. Usiifunge juu ya aluminiamu, maana kwa hewa hii ya chumvi aluminiamu italiwa mapema. Kingine, M16 ya hatua ya milimita 1.5 inafanana sana na hiyo ya 5/8. Nati huingia raundi chache kisha hukaza, na ukilazimisha kwa spana umeua hesi zote mbili. Tumia geji ya meno, usiamini macho.

Kukunja bomba jipya la aluminiamu kunataka subira. Lipake sabuni ya mche, pitisha moto wa gesi taratibu mpaka sabuni iwe nyeusi, kisha acha lipoe. Aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, hivyo anayesubiri rangi ataona shimo. Likipoa, lijaze mchanga, ziba ncha kwa vipande vya mti na kunja likiwa baridi. Nusu kipenyo ya kona isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Mchanga uwe wa mtoni, uliochekechwa na kukaangwa kwenye karai. Wa ufukweni Raskazone una chumvi. Ukimaliza, osha kwa petroli na puliza mara nyingi kuliko unavyoona inatosha, kwa sababu chembe moja tu ikifika kwenye ekspansheni valvu (valvu yenye tundu dogo inayopitisha gesi) itaziba tundu hilo na AC itapoa dakika tano kisha basi.

Mpira uwe ule wenye utando wa nailoni ndani. Wa zamani wa R12, gesi ya AC ya enzi hizo, huvujisha polepole R134a, gesi iliyokuja badala yake. Klipu za kukaza kwa bisibisi hazifai. Bana ferula (pete ya chuma inayoshika mpira) kwa mashine ya hozi za hidroliki, lakini kidogo kidogo huku ukipima kwa vania, maana ikizidi inakata utando.

Jaribu mfumo kwa naitrojeni kavu, bar 10, na povu la sabuni kila kiungo. Usitumie hewa ya kompresa ya gereji: ina maji, na ikichanganyika na mabaki ya R134a chini ya presha inaweza kuwaka. Badilisha draya (kopo linalonyonya unyevu), usiifungue kifuniko mpaka dakika ya mwisho. Vuta hewa kwa pampu dakika 45, funga, angalia geji nusu saa. Oili iwe ya esta, ambayo inavumilia mabaki ya ile ya zamani ya madini kuliko PAG, aina nyingine ya oili ya AC. Gesi ipimwe kwa mizani: chukua uzito wa R12 ulioandikwa kwenye kibao cha AC ya gari, weka R134a asilimia 80 hadi 85 ya huo. Kibao kikisema kilo 1.2, anza na gramu 960.