Nilivyokula Lyon bila nguruwe wala divai

Usiku wangu wa kwanza Lyon nililala na njaa. Nilikuwa nimekwenda kwa mafunzo ya siku kumi, na kila aliyesikia safari hiyo aliniambia nimebahatika, huo ndio mji wa chakula Ufaransa nzima. Nikaingia mgahawa mdogo kwenye mtaa wa zamani karibu na mto Saône, nikaagiza salade lyonnaise, nikijua saladi ni majani. Ikaletwa sahani ya majani yaliyojikunjakunja, yai lililopikwa majini bila ganda, vipande vya mkate wa kukaanga, na humo ndani vijipande vyekundu vinavyong'aa mafuta. Lardons. Nyama ya nguruwe, tena imeshachanganywa na kila jani.

Mimi ni Mwislamu. Nililipa bila kuonja, nikanunua mkate njiani, nikaulia chumbani.

Ningeweza kumaliza siku zote kumi kwa mikate na chipsi. Lakini napenda kupika, na ile migahawa midogo ya Lyon, ambayo wenyewe huiita bouchon, ilinivuta kila nilipopita mlangoni: vitambaa vya mirabamiraba mezani, viti vimebanana kiasi kwamba unakaa bega kwa bega na usiyemjua, ubao wenye vyakula vya siku vilivyoandikwa kwa chaki. Nilitaka kukaa mle, nile kitu kilichopikwa mle.

Asubuhi nikamweleza dada wa mapokezi hotelini. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari sentensi moja: Je ne mange pas de porc, sili nguruwe. Akasoma, akatikisa kichwa. Akaniambia kwa pale haitoshi, maana kuna watu ambao kwao porc ni kile kipande cha nyama sahanini, na lardons wanazihesabu kama kiungo tu cha kukolezea. Akaongeza kwa mkono wake: ni lard, ni lardons, ni jambon, ni saucisson, yaani wala mafuta yake, wala vile vijipande, wala paja lake, wala soseji yake kavu. Chini yake akaniandikia majina ya kukwepa: andouillette ni soseji ya utumbo, mara nyingi wa nguruwe, boudin noir ni ya damu yake, grattons ni mafuta yake yaliyokaangwa hadi yakakauka. Mwisho tukaweka sans alcool, bila kilevi. Hiyo karatasi ninayo mpaka leo.

Akanifundisha na saa. Chakula cha mchana huanza saa sita, na ikigonga saa nane hivi jiko linafungwa, halifunguliwi tena hadi saa moja au moja unusu jioni. Mimi nikakata shauri kufika saa sita kamili, kabla wenye kazi zao hawajatoka maofisini, ili mhudumu awe na nafasi ya kunisikiliza. Naamini hilo ndilo lililoniokoa kuliko karatasi yenyewe. Ule usiku wa kwanza nilikuwa nimeingia watu wamejaa hadi mlangoni, mhudumu kijana anakimbia na sahani tatu mkononi, na mimi nikaona haya kumsimamisha.

Safari hii nilichagua mgahawa mwingine, upande wa pili wa mto, wenye meza kama kumi. Nikaingia, nikasema "Bonjour, Monsieur" kabla ya neno jingine lolote. Pale salamu haikwepeki. Ukianza na shida yako bila kusalimu unaonekana huna adabu, jambo ambalo mtu aliyelelewa kwenye Kiswahili halimpi tabu kulielewa. Mhudumu, mtu mzima mwenye aproni hadi magotini, akaitika "Bonjour, Madame", akanionyesha meza ya pembeni. Kabla sijakaa vizuri nikamfungulia daftari.

Alilisoma lote, taratibu, kidole kikifuata mstari. Kisha akanyoosha mkono akaondoa kibakuli kidogo kilichokuwa kimeshawekwa mezani, chenye vitu vya kahawia mfano wa bisi zilizoungua. Grattons. Ningekuwa nimeshakitia mkono.

Akaenda kwenye ubao, akaanza kunichambulia. Salade lyonnaise, hapana. Tablier de sapeur, ambayo jina lake maana yake ni aproni ya askari wa uhandisi, ni utumbo wa ng'ombe uliopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Nikafurahi, naye akainua kidole: umelala kwenye divai nyeupe. Hapana. Cervelle de canut ilinitisha kwa jina, maana ni "ubongo wa mfumaji wa hariri", kumbe ni jibini laini lililopigwa na vitunguu, majani na mafuta. Ila nalo pale kwao lina divai kidogo. Hapana.

Ikabaki quenelle de brochet. Brochet ni samaki wa maji baridi, mwenye miiba mingi kupita kiasi, na werevu wa wapishi wa Lyon uko hapo: badala ya kupigana na miiba mezani, nyama husagwa na kuchujwa, ikachanganywa na unga, maziwa, siagi na mayai, ikafinyangwa madonge marefu, ikachemshwa, kisha ikaingia kwenye oveni. Nilikuwa nimesoma kwamba mapishi ya zamani hutumia mafuta ya figo ya ng'ombe, basi nikauliza zao zina mafuta gani. Siagi tu, akasema. Na mchuzi? Hapo akasita. Wao huitia mchuzi wa Nantua, wa kamba wa mtoni na krimu, na hakuwa na hakika. Akaingia jikoni.

Alipotoka alifuatana na mpishi, mama wa makamo, bado anafuta mikono. Akaniambia mchuzi wake una konyaki, pombe kali ya zabibu, ila nikiweza kusubiri nusu saa atanipikia kwa mchuzi mweupe wa maziwa, siagi na unga, na jibini juu. Nilimshukuru mara tatu, kwa sababu maneno mengine ya Kifaransa sikuwa nayo.

Hiyo nusu saa niliitumia kutazama ukuta, uliokuwa na picha ya Eugénie Brazier. Huyu aliondokea kwenye umaskini wa shamba, akawa mtumishi wa ndani, akajifunza jiko, na mwaka 1933 migahawa yake miwili ilipewa nyota tatu kila mmoja na Michelin, kitabu kinachopima ubora wa migahawa, na tatu ndiyo daraja ya juu kabisa. Nyota sita, na hakuna aliyewahi kuzifikisha kabla yake. Wanawake wa namna hiyo Lyon huwaita mères, akina mama, na sifa ya mji ule ilijengwa kwenye masufuria yao. Nikamtazama yule mama kupitia mlango wa jikoni, nikaona anakunja sura akionja mchuzi wangu.

Chakula kilikuja kwenye bakuli la udongo, pembeni kingali kinatokota. Donge lilikuwa limeumuka hadi limepita ukingo, juu limebabuka rangi ya dhahabu. Nilipolikata kwa uma mvuke ulitoka na likaanza kunywea taratibu. Ndani ni laini kama mkate wa mayai, ladha ya samaki iko mbali, haikurukii, inakuja mwishoni. Mkate waliuweka juu ya kitambaa cha meza, bila kisahani, nami nikafuta nao bakuli hadi likang'aa, kama walivyofanya wazee wawili wa meza ya jirani. Wao walikuwa na divai katika ile chupa ya Lyon yenye kitako kinene, ya sentilita 46. Mimi nilikuwa na carafe d'eau, jagi la maji ya bomba, ambalo halilipiwi.

Nikamalizia na kipande cha tarte aux pralines, pai nyekundu ya lozi zilizovikwa sukari. Tamu mno kwangu, lakini nililila lote.

Bili haiji yenyewe hata ukae hadi jioni, wanaona ni kukufukuza. Nikaomba l'addition. Ikawa euro 24, huduma imo ndani, na hakuna kilichoongezwa kwa ule mchuzi wa peke yangu. Niliacha euro tatu mezani, si kwa kulazimika.

Siku ya mwisho ya mafunzo nilirudi na wenzangu wawili, saa sita kamili. Yule mzee hakuniuliza daftari. Alitembea hadi kwenye ubao, vyakula vilikuwa vimebadilika, akafunika nusu ya mistari kwa mkono wake mpana, akanigeukia nichague katika iliyobaki.