Wachoreni na watu wa pembeni basi

Jamani mi nina ugomvi kidogo na vitabu vya picha vya viongozi, hivi vya watoto wa miaka sita saba. Vingi nilivyovishika vya Mwalimu Nyerere vina mpangilio ule ule, kachunga mifugo Butiama, kaanza shule ana miaka 12, kafika Edinburgh, karudi, kapunga mkono, uhuru 1961, mwisho. Mtoto anafunga kitabu anajua kuna mzee mmoja mpole alituletea uhuru kama mtu anavyoleta mkate kutoka dukani.

Binti yangu ana tabia ya kung'ang'ania vitu vidogo kwenye picha. Kuna ukurasa wa mkutano wa hadhara, Mwalimu kachorwa mkubwa mpaka kofia imekatwa juu, mbele yake wananchi ni vidoti tu, vichwa visivyo na macho wala midomo. Akaviwekea kidole, "mama, hawa wamekuja kufanya nini?" Nikamwambia wamekuja kusikiliza. "Alafu wakishasikiliza?" Hapo mchoraji kaniacha njia panda, maana swali hilo ndo habari yenyewe na kwenye kitabu halimo.

Wakishasikiliza walikuwa na kazi bwana! TANU, chama kilichodai uhuru, imezaliwa Julai 1954 haina hela, watu wakawa wananunua kadi, wanachanga, wanapelekeana habari mtaa kwa mtaa, na Mwalimu alipoenda Umoja wa Mataifa New York mwaka 1955 nauli yake ilitokana na michango, na aliporudi akaacha kazi ya ualimu Pugu maana wakoloni walitaka achague, ualimu au siasa. Sasa we niambie, ukurasa wa watu wanachangishana senti uwanjani si mtamu kuchora? Mtoto anaelewa mchango vizuri tu, si anaona vikao vya harusi humu ndani kila wikiendi.

Na Bibi Titi Mohamed je? Barabara yake tunakaa nayo kwenye foleni hapo mjini, watoto wanalisoma jina kwenye kibao, ukiwauliza ni nani wanakwambia ni barabara. Huyu mama alikuwa mwimbaji kiongozi kwenye kikundi cha ngoma cha wanawake, Bomba. Mwaka 1955 akaja mgeni wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, akauliza wanawake wa TANU wako wapi, ndo wazee wa chama wakashtuka wakaanza kutafuta. Bibi Titi alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake chamani hakuanza na hotuba za kwenye karatasi, alienda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wale wanaojuana kwa maulidi na misiba na harusi, wauza vitumbua na wapika pombe, na ndani ya miezi michache wanawake kama 5,000 wakawa na kadi. Yani chama kimejengwa na ngoma! Hebu mchoraji ajitoe ufahamu aweke kurasa mbili zilizoungana, upande huu ngoma imekolea, kanga za kila rangi, upande ule wanawake wale wale na kanga zile zile wamepanga foleni ya kadi. Maneno hata hayahitajiki.

Kingine kinachonikera ni woga. Tunadhani mtoto akiona kiongozi yuko matatani ataharibika. Mwaka 1958 Mwalimu alipelekwa mahakamani kwa alichoandika kwenye Sauti ya TANU, jarida la chama, kuhusu mabwana shauri, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, akakutwa na hatia, faini shilingi 3,000 au jela miezi sita, faini ikalipwa. Kizimba, hakimu, umati nje, mtoto gani asiyependa hadithi hiyo? Wenzetu wa Marekani wametoa vitabu vya picha kadhaa vya Wangari Maathai wa Kenya, yule mama wa kupanda miti, na kimojawapo askari anamshushia rungu peupe kabisa, na watoto wadogo wanakisoma. Ajabu ni kwamba mama wa Nyeri unampata kwa urahisi zaidi kwenye maktaba za huko kuliko kwenye shelfu zetu, ila hilo tuliache maana nikianza bei za vitabu hatulali.

Sehemu ngumu naijua. Bibi Titi huyo huyo alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akatoka kwa msamaha 1972, na rais wakati huo ni Mwalimu yule yule wa ukurasa wa kwanza. Hapo ndo waandishi wanapopakimbia, wanaishia 1961. Mi nasema mchoreni, wote wawili, bila kumfanya mmoja shetani. Mtoto atauliza kwanini walikosana, utamwambia unachokijua, usichokijua utamwambia mtaenda kusoma wote. Anajua watu wanaopendana hugombana, kwani hapa nyumbani anatuonaje?

Alafu jamani kuna viongozi wadogo. Mwenyekiti wa mtaa hana kitabu. Binti yangu anamjua rais kwa picha ya ukutani lakini yule anayetuandikia barua ya utambulisho, mwenye mhuri wa wino wa zambarau usiokauka, hamjui kabisa, na ndo wa kwanza atakayemhitaji akikua akitaka kitambulisho. Mkutano wa mtaa wenyewe ni kichekesho tosha, viti vimeazimwa, ajenda ni mtaro na taka, mzee mmoja anaongea dakika ishirini hajafika kwenye hoja, mwisho mnanyoosha mikono. Nimeanza kumchorea mwenyewe kwenye daftari la hesabu, michoro yangu mibovu, watu wote wana shingo ndefu, ila kila mtu ana macho na kila mtu ana jina, na juzi kaniambia mwenyekiti niliyemchora hana mhuri kwahiyo ni feki.

Wachapishaji mkiamua nishtueni, nakala mbili naagiza leo leo, moja ya kwetu na moja ya mtoto wa jirani anayekuja kuchana vyetu.