Siku transista ilipoisikia taa

Mjomba wangu alikuwa na kopo la transista za kizamani, vile vidude vya miguu mitatu vya kukuza umeme wa sauti, alizozing'oa kwenye redio mbovu, nyingi OC71 za kampuni ya Mullard, zile zilizotengenezwa kwa jerimeniamu, kichupa cha glasi cha kama sentimita moja na nusu kimepakwa rangi nyeusi tii na kidoti chekundu upande wa kolekta, mmoja wa ile miguu mitatu (mingine ni emita na beisi). Transista za silikoni zilikuwa zimeshashika soko kitambo ila yeye hakutaka kuzitupa. Jioni moja akaniambia, we mjomba, hebu lete wembe nikuonyeshe kitu.

Akaanza kukwangua ile rangi, taratibu maana glasi yenyewe nyembamba. Mi nikauliza kwani rangi ina kazi gani, nilidhani ni urembo tu. Akasema ile ndo inaizuia isione. Jerimeniamu ikipigwa na mwanga inapitisha karenti zaidi, yaani mwanga unafanya kazi ya beisi, ule mguu unaoamuru karenti ipite kiasi gani. Na Mullard walikuwa wanauza nyingine inaitwa OCP71, fototransista, yaani transista ya kuhisi mwanga, bei juu kuliko hii, basi mafundi wa nyumbani wakagundua ukiikwangua OC71 unapata karibu kitu kilekile, we fikiria utamu wake!

Sasa ya kwanza ikagoma. Rangi imetoka yote lakini ndani kumejaa kitu kizito kama grisi, huoni chochote, tukaimulika wee mshale wa mita ya kupimia karenti umelala tu. Mjomba akacheka, akasema hizi za baadaye, jamaa walishtuka wakaanza kujaza uchafu humo ndani. Akachagua nyingine kuukuu zaidi, hiyo ilipokwanguliwa ukaona mpaka ndani, kipande kidogo cha jerimeniamu kimesimama katikati na vinyaya vyake.

Tukailehemu, mi nimebana mguu wake kwa koleo ili joto lisipande juu, maana jerimeniamu na joto haziivani kabisa. Hata ukiishika tu kwa vidole mshale unapanda wenyewe, karenti inavuja, na hiyo ndo moja ya sababu silikoni iliishinda. Emita kwenye chanya ya betri, kolekta kwenye hasi kupitia rizista, beisi tukaiacha inaning'inia haijaungwa popote, halafu kutoka kolekta kapasita moja mpaka kwenye amplifaya.

Alipowasha tu spika ikaanza kuvuma, mmmmm, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Mi nikajua waya umelegea. Mjomba hakusema kitu, akaziba ile transista kwa kiganja, kimya. Akatoa, mmmmm. Kumbe ni taa ya darini! Umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, unaiwasha taa kwa nguvu mara mbili kila mzunguko, mara 100 kila sekunde, macho hayaoni ila transista inasikia yote.

Tukazima taa tukaleta tochi, tochi ya betri haina mvumo, spika ikatulia. Hapo ndo akaniambia nikachukue kitana cha mama, akakipitisha mbele ya tochi harakaharaka, krrrrr, kila jino linakata mwanga na spika inatoa mlio, ukienda mbio mlio unakuwa mwembamba ukienda polepole unakuwa mzito. Nikampokonya, nikacheza nacho mpaka mama akaja kukidai na kuuliza tunafanya nini gizani, mjomba akamwambia tunapiga muziki kwa kitana, mama akakichukua akaondoka zake.

Na ile iliyogoma hatukuitupa, tukaifunga kwenye amplifaya nyingine hivyohivyo uchi bila rangi na taa ikiwaka juu yake, ikapiga kazi kama kawaida.