Mashimo meusi kwenye spika ya fundi redio, Ngamiani

Alhamisi ya tarehe 11 Februari 2016, kunaswa kwa mawimbi ya uvutano, yaani mitikisiko ya nafasi yenyewe, hapa kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyoungana, kulipotangazwa kule Marekani, huku Tanga ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni. Habari zilizotufikia zilikuwa za juu juu: Einstein alibashiri mwaka 1916, sasa imethibitika. Jambo lililonifurahisha kuliko yote halikutajwa. Siku hiyohiyo watafiti wa LIGO, vituo viwili vya Marekani vilivyoyanasa, waliiweka data yenyewe kwenye intaneti, aichukue yeyote, bure. Kazi yangu ni fizikia ya kukokotoa kwa kompyuta, na kwangu ugunduzi unaokuja na namba zake ni mwaliko: kaa, piga hesabu, uone mwenyewe.

Mafaili ni mawili, moja la Hanford, jimbo la Washington, na jingine la Livingston, Louisiana. Kila moja lina sekunde 32, na kila sekunde ina sampuli, yaani vipimo, 4,096. Jumla kwa kila faili ni namba 131,072, sawa na megabaiti moja hivi. Bando dogo kabisa la siku linatosha na chenji inabaki.

Jumamosi baada ya alasiri tukakusanyika Ngamiani, barazani kwa fundi redio. Tulimhitaji kwa sababu ya spika. Ishara yenyewe inaanza kwenye hezi 35, yaani mitetemo 35 kwa sekunde, na kupanda hadi 250, wakati spika ya simu au ya laptopu chini ya hezi 200 hutoa sauti hafifu sana. Fundi alikuwa na amplifaya na spika kubwa ya besi. Walikuwepo pia vijana wawili wa kidato cha sita, na mzee mmoja jirani, nahodha wa majahazi enzi zake, ambaye kahawa ya jioni haimpiti.

"Mwalimu, hii sauti imerekodiwa kwa maikrofoni gani?" Fundi aliuliza kabla hata sijafungua laptopu.

Hakuna maikrofoni. Kuna mwanga wa leza unaogawanywa katika mikono miwili iliyokaa kama herufi L, kila mkono kilomita 4, na mwishoni mwa kila mkono kioo cha kilo 40 kinaning'inia. Wimbi likipita, mkono mmoja unarefuka na mwingine unafupika. Zile namba za kwenye faili ni uwiano wa badiliko hilo kwa urefu wa mkono. Wimbi lilipofika kileleni uwiano ulikuwa 10⁻²¹, yaani badiliko la mamia ya mara dogo kuliko upana wa protoni. Kwa kuwa masafa yake yanaangukia kwenye yale ambayo sikio husikia, namba zinaweza kwenda moja kwa moja kwenye amplifaya.

Mzee akakaa mbele kidogo. "Mwanangu, bamvua likija maji yanavutwa na mwezi. Ardhi yenyewe haivutwi?"

Inavutwa, na swali hilo ni la kitaalamu kabisa. Ardhi ngumu hupanda na kushuka kufuata mwezi na jua, na ile mikono ya kilomita 4 hubadilika kwa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Badiliko hilo ni kubwa mno kuliko la wimbi lenyewe, ila huenda polepole, kwa saa nyingi, na mitambo hulifidia isiyumbe.

Grafu ya kwanza, ya data ghafi, haikuonyesha chochote ila mstari unaoyumba taratibu. Ndivyo inavyokuwa: mitetemo ya masafa ya chini ina ukubwa wa mamia ya mara kuliko ishara tunayoitafuta. Kwa hiyo hatua ya pili ni kuchora nguvu ya kelele kwa kila masafa. Hapo zikajitokeza sindano ndefu, nyembamba, kwenye 60, 120 na 180.

Fundi akaziwekea kidole. "Huu ni mvumo wa umeme. Ila wetu uko hamsini."

Alikuwa sahihi. Gridi ya Marekani ni hezi 60, yetu 50, na mvumo ule anaopambana nao kila siku kwenye amplifaya zenye kapasita zilizochoka umeingia hadi kwenye chombo nyeti kuliko vyote duniani. Karibu na 500 kulikuwa na kundi jingine la sindano. Hizo ni nyuzi za kioo zinazoning'iniza vile vioo, unene wake milimita 0.4, zinatetemeka kwa masafa yake zenyewe.

Kuziondoa ndiyo kazi yenyewe, na wengi hukwamia hapa. Unaikata data vipande vya sekunde 4, unapata wastani wa nguvu ya kelele kwa kila masafa, kisha unaipitisha data yote kwenye FFT, hesabu inayoipasua ishara katika masafa yake, unaigawa kwa kipeuo cha pili cha wastani ule na kuirudisha. Masafa yenye kelele nyingi yanashushwa, yenye kelele kidogo yanabaki, na zile sindano zinalala. Lakini kila kipande sharti kwanza kizidishwe kwa dirisha, yaani ncha zake zishushwe taratibu hadi sifuri. FFT huchukulia kwamba mwisho wa kipande umeungana na mwanzo wake. Pasipo dirisha kunakuwa na mruko kwenye kiungo hicho, na mruko huo hutawanya nguvu ya masafa ya chini juu ya masafa yote. Ishara inafunikwa, na mtu anaanza kuilaumu data.

Baada ya hapo ni kichujio cha kupitisha hezi 35 hadi 350 tu. Kiendeshwe mara mbili, mbele kisha nyuma. Kikiendeshwa upande mmoja, kila masafa yanacheleweshwa kwa kiasi chake na hesabu zote za wakati zinaharibika. Halafu tupa sekunde moja au mbili za kila ncha, maana pale huwa hapaaminiki.

Tukachora sehemu mbili tu za kumi za sekunde, saa 6:50 mchana kwa saa zetu, Jumatatu ya tarehe 14 Septemba 2015. Ilikuwepo! Mawimbi kama manane, yanabanana na kukua, kisha kimya. Livingston ililipata kwanza, Hanford milisekunde 7 baadaye. Tukaisogeza Livingston sampuli 28 na kuigeuza juu chini, kwa sababu mitambo miwili haikuelekezwa upande mmoja, na mistari miwili ikalaliana. Vituo vimeachana kilomita 3,000, na mwanga huchukua milisekunde 10 kukata umbali huo. Milisekunde 7 inaingia humo ndani. Vijana walilielewa hili kabla sijamaliza kulisema: kelele ya Hanford haiwezi kujua kelele ya Livingston inafanya nini.

Kwenye spika ya fundi lilitoka kama bonge linalorushwa kutoka chini, "vuup", na kwisha. Tuliongeza pia faili la pili ambalo masafa yote yamepandishwa kwa hezi 400, ili wenye simu nao wasikie. La kwanza ndilo sahihi, lile la besi linalogonga kifuani.

Hesabu iliyofuata ilifanywa na vijana kwa kalkuleta, na ndiyo ninayoikumbuka kwa furaha kuliko sauti. Wakapima kwenye grafu muda kati ya sehemu moja ambapo mstari unakata sifuri na inayofuata. Moja gawanya kwa mara mbili ya muda huo ni masafa. Kisha wakayapeleka masafa kwenye kipeo cha −8/3 na kuchora dhidi ya wakati. Kwa mujibu wa Einstein nukta hizo zinapaswa kukaa kwenye mstari mnyoofu, na mteremko wake unatoa tungamo moja linalochanganya tungamo za mashimo yote mawili, si jumla yake. Nukta za mwanzo zilitawanyika, kwa kuwa pale ishara ni dhaifu na kelele inasogeza mikato ya sifuri, lakini za katikati zilikaa. Ikatoka 30 hivi, kwa kipimo cha tungamo la Jua. Kama mashimo mawili yanalingana, hiyo 30 inamaanisha kila moja ni kama Jua 35, jumla 70.

Sasa angalia hapa. Kileleni masafa ya wimbi ni hezi 150, basi mzunguko wenyewe ni 75 kwa sekunde, maana kila mzunguko hutoa mawimbi mawili. Ingiza kwenye kanuni ya Kepler, ile ya vitu vinavyozungukana: umbali kati ya vitovu vyao unatoka kilomita 350. Ni urefu wa barabara ya Tanga hadi Dar es Salaam. Jua moja tu lina upana wa kilomita milioni 1.39, na hapa kuna sabini, katika umbali huo, zikizungukana mara 75 kwa sekunde. Hakuna nyota inayoenea humo. Shimo jeusi la Jua 35 lina nusu kipenyo cha kilomita 103, kwa hiyo mawili yanaenea, na yamekaribia kugusana.

Kijana mmoja akaona kwamba ripoti inasema 36 na 29, jumla 65, si 70. Tofauti si kosa la kalkuleta. Wimbi limesafiri miaka bilioni 1.3, na ulimwengu ukipanuka njiani umelinyoosha kwa asilimia 9. Gawanya 70 kwa 1.09 upate 64 na ushei. Shimo lililobaki ni la Jua 62, tatu zikaondoka zikiwa mawimbi.

"Na jingine?" Fundi aliuliza akizungusha waya.

Jingine lilikuwa limeshanaswa tarehe 26 Desemba, sisi hatukujua, lilitangazwa Juni. Hilo, Jua 14 na 8, halionekani kwa njia ya barazani hata uchuje vipi, kwa sababu nguvu yake imesambaa kwenye mizunguko zaidi ya hamsini. Linahitaji maumbo ya mawimbi yaliyokokotolewa mapema kwa kompyuta, LIGO walitumia kama 250,000, kila moja likiburutwa juu ya data, kuzidishwa na kujumlishwa. Sehemu ya mwisho ya maumbo hayo, ya kuungana kwenyewe, ilishindikana hadi 2005, mwanafizikia Frans Pretorius alipofaulu kuyafikisha mashimo mawili kwenye kuungana bila programu kulipuka. Laptopu haiwezi maumbo yote, lakini ukishazijua tungamo, umbo moja linatosha. Linapita sekunde 32 zote kwa muda mfupi, na kilele kinasimama palepale, saa 12:38 asubuhi kwa saa zetu.